Musau Anatafutiwa Mke

Kamanthe alimkanyaga shemeji yake mguu chini ya meza. Musili akameza maneno pamoja na kijiko cha muthokoi.

"Kama nilivyokuwa nasema," Kamanthe akamgeukia mgeni, "mwanangu Musau ni mtulivu. Hanywi. Hazururi. Miaka hii yote hajanijibu vibaya hata siku moja."

Mutheu aliitazama picha ya Musau ukutani: shingo nene, jezi ya Kenya, mpira wa raga kwapani. Alikuwa ametoka Kangundo asubuhi kuja kuona boma ambamo huenda akaolewa.

Na boma lenyewe lilikuwa hatarini. Ukoo ulishasema wazi: Musau asipokuwa na mke, wala watoto wa kuitwa wake, Kamanthe akifa shamba ni la Musili. Huyo naye, loo, alishachagua hata mahali pa kupanda miembe! Kamanthe angemfungia nje, ila mila inataka mwanamume wa ukoo awepo mke akitafutwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

"Huo mchezo wao mimi siuelewi," akaendelea. "Unataka kwenda mbele, unarusha mpira nyuma! Lakini alichezea Kenya mpaka ng'ambo. Wazungu watatu walimning'inia mgongoni na bado akafunga. Kisha akaingia jeshi, akaenda vita vya Somalia. Alirudi na ndege ya serikali, mwanangu. Wakubwa walimpigia saluti hapa hapa Kathiani!"

"Mwambie lile jambo," Musili akasema.

Kamanthe akamkanyaga tena, mara hii kwa kisigino. Alikuwa amemwomba Wavinya, mshenga wao, amweleze msichana kila kitu isipokuwa hilo moja. Hilo angelisema mwenyewe, polepole, mgeni akishashiba. Sasa mgeni alikuwa ameshiba, na ulimi wa Kamanthe umekuwa mzito. Aliogopa, basi.

"Niko na watoto wawili," Mutheu akasema. "Wataitwa wa Musau?"

"Watakuwa wake kabisa. Jina, shamba, kila kitu."

"Na hakuna mtu atakuja kunifukuza?"

"Nani huyo? Apitie kwangu kwanza!"

Hapo uvumilivu ulimwisha Musili. Alisimama, kijiko mkononi.

"Mnamdanganya mtoto wa watu! Musau aliuawa huko huko Somalia! Tulimzika hapo nyuma ya ghala! Wewe msichana, hawa wanakuoza kwa kaburi!"

Kamanthe akajifunika uso kwa leso. Mila inaruhusu marehemu atafutiwe mke wa kumwendelezea jina, lakini nani angekubali sasa? Kwisha. Miembe itapandwa.

Mutheu akapuliza chai yake, akanywa kidogo.

"Najua, mzee. Hata mazishini nilikuja," akasema. "Mume wangu wa kwanza alikuwa hai, na hilo kosa silirudii."