Mpishi Asiyeonja

Mwiko ulifika hadi kwenye midomo ya Shangazi, ukasita, ukarudi sufuriani bila kuguswa na ulimi. Katika miaka yote aliyopika kwenye jiko la kiwanda cha magodoro, jambo hilo halikuwahi kutokea. Na lilichagua kutokea leo, siku ambayo meneja mpya alikuwa akiwauliza wafanyakazi kama bado wanamtaka mpishi wao.

Kosa lilikuwa la daktari. Shangazi alikwenda kumwona kwa sababu ya kiungulia kilichokuwa kikimpanda kifuani kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Daktari, kijana mwenye adabu zake, alimpa vidonge pamoja na amri: kimoja, tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula.

"Na kuonja je, mwanangu?"

"Kuonja ni kula, mama."

"Basi mimi sijawahi kuwa na tumbo tupu tangu niajiriwe."

Daktari alicheka. Ni rahisi kucheka kama hupikii kiwanda kizima.

Jana, wakati wa kupakua, Shangazi alimdokezea nyapara habari hiyo. Nyapara akaipeleka meza zote, na papo hapo kiwanda kikajaa madaktari.

"Usikitafune, Shangazi. Kimeze kizima," alisema nyapara.

"Na nusu saa ikitimia ule, usizubae," alidakia fundi cherehani. "Ukichelewa kitakuwa kimekwenda bure."

"Na ukishakula usilale!" alimalizia mkata sponji.

Usilale! Ushauri wa maana, hasa ukitoka kwa watu wanaotengeneza magodoro. Shangazi aliwashukuru wote. Ukiumwa jino utakutana na madaktari wa meno hadi kwenye foleni ya maji. Ndivyo binadamu walivyo, na nia yao huwa njema.

Sasa kidonge kilikuwa tumboni, mchuzi wa maharage ulikuwa ukichemka, na hakuna aliyejua una nini ndani. Meneja alitaka kulifunga jiko na kuleta chakula cha maboksi, kilichopimwa, kinachofanana kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Aliyaita maendeleo. Wanaoyataka maboksi wangenyoosha mikono asubuhi hiyo, na wakiwa wengi, Shangazi angerudi kwenye chumba chake kimoja kukaa na redio. Watoto hakujaliwa, na mume alishatangulia.

"Wifi, njoo unionjee."

Wifi yake, aliyemsaidia kuosha vyombo, alijikokota kama aliyeitwa polisi. Yeye hujibebea chakula chake kutoka nyumbani, eti amezoea mkono wake mwenyewe. Alichovya ncha ya kidole, akalamba. Machozi yakamlengalenga. Moshi, bila shaka.

"Umekolea, wifi. Umekolea mno."

"Unasema hivyo kunifurahisha tu."

Shangazi akaongeza konzi moja ya pilipili, na chumvi kidogo iwe baraka. Mchuzi ambao mpishi hajauonja, heri uzidi kuliko upungue.

"Wifi, mimi nakwambia..."

"Wewe kasugue masufuria, Mungu atakulipa."

Meneja aliingia bila kubisha hodi, uso umemkunjamana kama shuka la jana.

"Nimewaonyesha picha za maboksi," alisema. "Nimewaonjesha hadi wakalamba vidole. Kisha nikawaambia wanyooshe mikono."

Shangazi alishika ukingo wa meza.

"Hakunyoosha hata mmoja. Wanakutaka wewe. Sijui mama unawalisha nini."

"Maharage, bwana meneja."

Alipotoka, Shangazi alilia kidogo, akajifuta kwa aproni. Alizikumbuka zile sahani zinazorudi zimepanguswa, hakuna hata punje iliyobaki. Alikumbuka jinsi watu wazima wanavyokula mpaka jasho linawatiririka, na kila mmoja anavyobeba sahani yake hadi kwenye karo ili asimchoshe. Hapana, wema wa namna hii haungoji kengele ya chakula. Ni wa kushukuriwa hapo hapo, ungali moto.

Mpishi haruhusiwi kuingia karakana, kwa ajili ya mashine na vumbi la sponji, na Shangazi hakuwahi kukanyaga humo. Leo aliusukuma mlango. Akajipenyeza nyuma ya rundo la magodoro, apate kwanza kupanga maneno yake vizuri.

Mashine zilikuwa zimenyamaza. Nyapara alikuwa akipita kati ya meza, kopo mkononi, na fundi cherehani akimfuata na jagi la maji. Kila mtu alikinga kiganja, akatupia kitu mdomoni, akanywa, akampa mwenzake kikombe. Shangazi alikaza macho. Vilikuwa vidonge, umbo lile lile, rangi ile ile ya kidonge chake.

"Haya, mezeni, mezeni!" alihimiza nyapara. "Nusu saa ndiyo hiyo, anakaribia kupakua."

"Lakini mkubwa," alinung'unika mbeba mizigo aliyeajiriwa juzi, "yale maboksi yalikuwa matamu. Si tungenyoosha tu mikono, mambo yakaisha?"

"Meza, wewe. Boksi litakuuliza mtoto wako ameamkaje?"

Mbeba mizigo akameza.

Shangazi alirudi kinyumenyume akinyata, aproni ameizibia mdomo, asije akawaaibisha. Alipofika jikoni aliufunga mlango taratibu.

"Wifi, niletee ndoo ya maji."

"Ya vyombo?"

"Ya mchuzi."