Walinzi Wanajua

Kabla mpira haujatulia mikononi mwa Brantley, Odom, mmoja wa walinzi wanaotakiwa kuzuia pasi zake, alishaanza kukimbilia kushoto, na kushoto ndiko mpira ulikokuwa uende. Ilikuwa mara ya nne asubuhi hiyo. Odom aliudaka kirahisi kana kwamba ametumiwa yeye, kisha akapita mbele ya Brantley akamgusa kifuani kwa vidole viwili. Katika mazoezi ya futiboli ya Kimarekani mrushaji huvaa jezi nyekundu, na mwenye jezi nyekundu haangushwi.

"Asante, dogo," alisema. "Kesho uje na kahawa pia."

Walinzi wenzake wakacheka. Brantley hakucheka. Machale yalikuwa yakimcheza tangu mwezi wa tatu, na sasa hakuwa na shaka tena.

Alikuwa na miaka kumi na minane. Mwezi wa kwanza aliiacha shule yake huko Louisiana kabla mwaka haujaisha, akaikosa hata dansi ya kuagana na wenzake, akaja chuoni Alabama mapema kwa jambo moja tu: kugombea nafasi ya mrushaji, yule anayeshika mpira kwanza na kuamua uende kwa nani. Nafasi yenyewe ni moja. Kwa miaka mitatu ilikuwa ya Marquis Tolliver, na Marquis alibakiwa na mwaka mmoja.

Brantley akiwa uwanjani, Marquis ndiye aliyesimama pembeni akimwonyesha kwa ishara za mikono mchezo uliochaguliwa na kocha, yaani mpira uende upande gani na kwa nani. Ishara hizo walinzi hawatakiwi kuzielewa. Walizielewaje, basi? Mara mbili Brantley alimkuta Marquis chumba cha kubadilishia nguo akinong'ona na Odom, na mara zote mbili walinyamaza alipoingia.

Kilichomuudhi zaidi ni maigizo. Ikifika zamu ya Marquis, walinzi walewale walikuwa wanakimbia ovyoovyo, naye anapitisha mipira tisa kati ya kumi. Halafu anatoka uwanjani na uso wa mfiwa, anaitupa helmeti yake kwenye nyasi, hasemi na mtu. Mtu anashinda halafu ananuna! Brantley aliona anajikosha tu, ili asishukiwe.

Jumatano akatega mtego. Marquis alionyesha kushoto. Brantley akawakusanya wenzake na kuwanong'oneza, "Tunakwenda kulia." Walinzi wote wakamiminika kushoto, na mpira ukamfikia kijana aliyekuwa peke yake kulia, akatembea nao polepole hadi mwisho wa uwanja. Kocha Stovall akaandika kitu kwenye daftari lake.

Wakati wa kunywa maji Brantley alimfuata Odom. "Nani anawaambia?"

"Usinitolee macho, dogo. Mimi nafanya nilichotumwa."

Brantley alikwenda moja kwa moja kwa kocha.

"Kocha, kuna mtu anawavujishia walinzi michezo yangu."

Stovall hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti, akatema maganda kwanza. "Sasa umekuja kushtaki, au umekuja kucheza?"

"Nataka haki tu, Kocha."

"Leo umewapeleka walinzi kushoto, mpira kulia. Kesho wapeleke tena pasipo na mpira."

Akamgeuzia mgongo. Brantley akarudi kwa wenzake. Kumbe na kocha yumo! Walimtoa kwao ili awe chambo cha mazoezi tu, Marquis amalize mwaka wake kwa heshima. Alhamisi hakumpigia baba yake simu, kwa kuwa alijua ataambiwa avumilie, naye alikuwa amechoka kuchezewa rafu na watu wazima.

Dirisha la uhamisho, la wachezaji wanaotaka kuhamia vyuo vingine, lilikuwa linafungwa Ijumaa saa sita mchana. Stovall alishatangaza mbele ya timu nzima kwamba atakayeingiza jina lake huko asirudi hata kuchukua viatu, na kwa miaka yote hakuna aliyewahi kurudi.

Ijumaa saa tano Brantley alisaini fomu ya kuhama katika ofisi ya michezo ya chuo. Mama wa ofisini alimwuliza kama ana hakika, akasema anayo. Akamwuliza tena, taratibu, jinsi mama anavyomwuliza mwanawe. Akajibu vilevile. Yule mama akabonyeza kitufe, jina likaenda. Brantley alijihisi mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Angalau hawakufanikiwa kumfanya mjinga.

Nje ya mlango, kwenye benchi, alikuwa amekaa Marquis na fomu kama ileile magotini.

Angeweza kupita zake. Hasira ikamkatalia. "Umekuja kuhakikisha nimeondoka?"

"Nimekuja kuondoka mimi," alisema Marquis. "Na wewe huku unafuata nini?"

"Nimeshasaini. Mnawapa walinzi michezo yangu, na usikatae."

"Sikatai. Kocha ndiye aliyenituma." Marquis akainuka na fomu yake. "Umeshasaini kweli, dogo?"

"Nimekwambia nimeshasaini. Jina limekwenda."

"Miaka mitatu walikuwa wanapewa michezo yangu. Kocha anamfanyia hivyo yule mmoja tu atakayempanga kuanza mechi, ili msimu ukifika pasiwe na wa kumtisha. Mwezi wa tatu waliacha kupewa yangu, wakaanza kupewa yako."

Kisha akaikunja fomu yake, ambayo alikuwa hajaisaini, akaitia mfukoni, akaenda mazoezini.