Palipovuja

Mwanakheri alimulika kwa tochi, fundi Shomari akajipenyeza nyuma ya injini. Mnunuzi alikwisha sema boti inayovuja haitaki. Marehemu mumewe, Faki, hakumruhusu fundi yeyote kugusa huku. Kila asubuhi alishuka mwenyewe, akaketi kando ya shafti, chuma kinachozungusha pangaboi, na akiulizwa hujibu kwamba anasikiliza maji.

"Nimepaona, bibie," alisema Shomari. "Hapa shafti inapotokea nje huzungushiwa kamba yenye grisi, maji yasipite. Marehemu alichanganya na kitambaa, nacho kimeoza."

Akakichokonoa kwa bisibisi, ukatoka ukanda mrefu, mweusi kwa grisi, ukichuruzika maji. Mwanakheri akaupokea. Akausugua kwa kidole gumba mpaka ua jekundu likajitokeza.

Lilikuwa beleko alilombebea mwanawe mgongoni. Miaka tisa nyuma, baada ya arubaini ya kifo cha mtoto, Faki alimwambia amelichoma moto, kwa kuwa alichoka kumwona akilinusa. Tangu siku ile Mwanakheri hakumtaja mtoto mbele yake tena, akidhani baba mtu amekwisha sahau.

"Unakijua kitambaa hiki?" fundi aliuliza.

"Nakijua."

Shomari alizungusha kamba mpya, akakaza nati, maji yakakatika.

"Sasa haivuji hata tone, bibie. Mwite mnunuzi wako."

Mwanakheri alikuwa ameketi pale alipokuwa akiketi Faki, beleko amelifumbata, na maji yake yakidondoka moja moja juu ya ubao.