Pambo la Eliwaza

Lilikuwa pambo la arobaini na moja tangu asubuhi, na mgongo wa Ndeshi ulikuwa umeshakataa. Mbele yake, kwenye meza ya jikoni, sindano ya mashine ya kuchora ilikwaruza jina la mwisho juu ya kipande cha plastiki kinachoonyesha kama kioo: Eliwaza.

Mzee Lameck, aliyekuwa akisubiri kando ya meza, alikuwa ameagiza pambo la mti wa Krismasi kwa kila mtu wa nyumbani kwake. Eliwaza alikuwa mkewe. Walimzika Agosti.

Ndeshi alimkabidhi mzee pambo hilo. Mzee akaona ncha ya nailoni iliyofunika plastiki imejikunja pembeni, akaibandua, na jina likatoka nayo. Plastiki ikabaki tupu.

Ndeshi alishika kichwa. Nailoni ile ya kukinga hubanduliwa kabla ya kuchora. Mara arobaini alikumbuka.

“Nisamehe, baba. Nakuchorea lingine sasa hivi.”

Mzee alikiinua kile kipande kitupu, akamtazama Ndeshi kupitia humo.

“Umechoka, mwanangu. Zima mashine.”

Akaikunja nailoni ndani ya leso, akaitia mfuko wa shati. Lile pambo tupu akalining'iniza kidoleni kwa uzi wake mwekundu, akatoka nalo juani, akitembea polepole lisigonge kitu.