Uhamisho wa Fideli

Skolastika alianza kwa kukatisha tiketi kwenye mechi za watoto, akapanda hadi kuwa mkuu wa fedha wa timu za vijana za kata. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na upendeleo. Kila msimu ulipoisha kata zilibadilishana wachezaji, na mtoto aliyehamishwa alihama nyumba pia, akapewa wazazi wapya. Ada ya uhamisho ilikuwa mali ya wote. Ndiyo iliyojenga zahanati na kuleta maji.

Mwaka huu kata ya jirani ilimtaka Fideli, mwanawe.

Mumewe, Adelhelm, alimwuliza, "Huwezi kusema anaumwa goti?"

"Wazazi wangapi wameniomba hivyo nikawakatalia?" alijibu Skolastika, akasaini fomu ya uhamisho.

Jumamosi gari lilimchukua Fideli, likamshusha Osmundi, golikipa mwembamba aliyesema, "Shikamoo mama," kama aliyefundishwa. Majirani walikuja kushukuru, maana sasa zahanati ingepata kitanda cha pili cha kujifungulia. Skolastika aliwapa chai. Aliusubiri uchungu moyoni, haukuja. Alimpakulia Osmundi ugali, akamwonyesha pa kulala.

Kesho yake Fideli alipiga simu. Nyuma yake vyombo viligongana na mwanamke akacheka.

"Umekula?" aliuliza Skolastika.

"Nimekula. Mama amepika makande." Kisha akauliza kwa adabu, "Na huko kwenu hamjambo, shangazi?"

"Hatujambo," alijibu Skolastika. "Wasalimie nyumbani."