Kikombe cha Kwanza

Jirani, fundi cherehani, anaapa aliona kwa macho yake mawili: mzee aliinama kuvaa kandambili, pumzi ikamkatika kama uzi. "Katupiwa kitu huyo," alimwambia kila aliyepita. "Mlango usiokauka wageni haukosi kijicho."

Binti hakubishana naye. Alimbeba baba yake mgongoni hadi hospitali. Siku hizi mzee alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Mapafu yalikuwa na ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Si TB hii. Wala si moshi. Mzee anatumia dawa za mizizi?"

"Anatumia."

"Kiasi gani?"

Binti alihesabu kimoyomoyo. "Siku mbaya, vikombe vitatu. Siku nzuri, hata kumi."

"Kumi! Alikuwa anaumwa nini?"

"Alikuwa haumwi kitu."

Daktari akaishusha picha. "Dada, hiyo dawa ndiyo inayomla mapafu. Nani anampa? Maana wengine wanaoinywa nao watakuja hapa, au hawatawahi kufika."

Binti alimtazama baba yake. Juu ya barakoa ya oksijeni, macho ya mzee yalisema: funga mdomo.

"Mzee wangu," daktari akamgeukia, "unamfichia siri mtu anayekuua?"

Mzee alisogeza barakoa. "Hana nia mbaya, daktari. Namjua... toka utotoni." Akacheka, kikohozi kikamkata kicheko.

Binti alikimbia nyumbani kuchukua shuka. Jikoni, sufuria kubwa ilikuwa ingali imejaa, nyeusi tii. Aliikamata kwa mikono miwili, akatoka nayo uani kuimwaga.

"We mwanangu, usimwage!"

Kwenye benchi la uani alikuwepo mama mmoja, amempakata mtoto anayewaka homa. "Nimetembea tangu alfajiri. Angalia mwenyewe alivyo."

Kabla binti hajapata neno, mama alikwisha kutungua kikombe msumarini na kuchota. Lakini hakumpa mtoto. Alimnyooshea binti.

"Baba yako hajawahi kumpa mtu dawa yake kabla hajanywa yeye, ndiyo maana tunamwamini. Haya, leo nionjee wewe."