Nani Alimwambia Aombe Radhi?

Kijana alifukuzwa chuo cha ng'ambo kwa kuiba insha ambayo hakuiiba, na alikiri kwa mdomo wake mwenyewe.

Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, aliisikia habari hiyo akiwa wima sebuleni. Kijana alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, begi lake halijafunguliwa. Alikuwa amebakiza muhula mmoja.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mwenzake wa chumba alichukua insha yake kwenye kompyuta, akabadilisha mistari miwili, akaiwasilisha kabla yake. Wakaitwa wote wawili mbele ya walimu watano. Mwenzake alibisha saa nzima, akapiga meza, akaachiwa. Yeye aliinamisha kichwa akasema anaomba radhi. Wakaandika kwamba amekiri. Hawakumuuliza la pili.

"Radhi ya nini?" baba aliuliza.

"Baba, nilipoona wamekasirika nika..."

"Usibishane na mimi. Omba radhi kwanza, ndiyo ujieleze."

"Naomba radhi, baba."

"Haya. Sasa sema. Akili hiyo ya kijinga ulipewa na nani?"

Kijana alitazama sakafu. Alikubali kwamba wiki ile ya kikao aliomba ushauri kwa simu, akaambiwa ajishushe. Aliyemwambia hakumtaja. Mama yake, kutoka mlango wa jikoni, alisema mtoto aachwe ale kwanza. Fundi akamjibu kwamba huyo si mtoto, ni hasara iliyoota ndevu.

Alimshuku mtu mmoja tu: shemeji yake, mjomba wa kijana, mwenye duka la dawa. Huyo alisoma ng'ambo miaka minne ujanani, na tangu arudi hajamaliza sentensi bila kusema "sisi tulipokuwa kule". Fundi alimfuata na viatu vyake vya kazi. Dukani kulikuwa na wateja wawili, hakusubiri watoke. Alimwambia shemeji kwamba yeye ni mjinga mwenye vyeti, na kwamba amemzamisha mtoto wa dada yake mwenyewe.

Mjomba aliweka chini boksi la vidonge.

"Shemeji, tusi nimelipokea. Sasa na wewe pokea la kwangu. Mimi nilimwambia abishe."

Alieleza kwamba kijana alimpigia akiwa mlangoni mwa kikao. Naye akamwambia kule si huku. Kule ukiinama wanasema una hatia. Mtazame mwalimu machoni, bisha, hata kama ana umri wa babu yako. Kijana akajibu kwamba ameshaambiwa vingine, na aliyemwambia hawezi kumpinga.

"Nani huyo?"

"Nilimuuliza. Akakata simu."

Fundi alirudi nyumbani hasira imepanda maradufu, maana sasa haikuwa na mtu wa kumwangukia. Njiani aliwahukumu watatu: mwalimu mkuu wa zamani, jirani karani, na yule rafiki wa kijana anayejifanya mshauri wa mtaa mzima. Kila mmoja alimwona anastahili. Alipofika kwake alikuwa hajui aanze na yupi.

Kijana alikuwa anakula. Baba alivuta sahani, akaisukuma mwisho wa meza.

"Mtu huyo amekula akashiba," alisema. "Amelala, ameamka, anatembea barabarani na watu wanamwamkia. Mimi nimebaki na mwana aliyefukuzwa kama mwizi. Nitajie jina lake. Nikimpata, hatamshauri tena hata kuku wake."

Kijana alisimama, kwa sababu mkubwa alikuwa amesimama.

"Siwezi, baba."

"Unamwogopa yeye kuliko mimi?"

"Hapana."

"Alikulisha yeye? Alikusomesha yeye?"

Jikoni mama alizima jiko, akaja akasimama mlangoni. Macho yake hayakuwa kwa mwanawe.

"Nimekuuliza jina," fundi alisema. "Jina tu. Mengine niachie mimi."

"Baba," kijana alisema, na kichwa amekiinamisha vilevile kama siku ya kikao, "jina lako mimi sijawahi kulitamka."

Simu ile, ambayo fundi aliipokea katikati ya kuchomelea geti akaisahau, ilikuwa ya dakika moja na nusu. Iligharimu miaka minne kasoro muhula, kiwanja cha mama na mashine moja ya kuchomelea vilivyouzwa kulipa ada, na shule ya dada mtu, aliyeambiwa angoje zamu yake.